Kiswahili cha tamthilia za mtandaoni kimebanwa kati ya Kiingereza na Kiingereza

Neno ‘utiririshaji’ limeshika mizizi. Si zamani sana lilipokuwa likisikika kwa nadra, na wapo waliolipinga wakidai ni tafsiri ya kulazimisha. Leo limo magazetini, redioni na hata katika hotuba za mawaziri. Mimi sina ugomvi nalo. Nadhani linasema mengi kuliko walivyokusudia walioliasisi, hasa ukiliweka kando ya neno tulilolizoea, ‘kupeperusha’. Kinachopeperushwa ni kama bendera: kiko juu, kila mpita njia anakiona, awe na hela au asiwe nayo. Kinachotiririshwa kinapitia mferejini, na mfereji una mita. Ukikosa kulipa unakatiwa.

Mengi yameandikwa kuhusu namna mfereji huu ulivyotikisa biashara ya filamu na runinga, kuanzia kumbi za sinema zinazogeuzwa makanisa hadi waigizaji wanaosubiri malipo. Leo nataka kuangalia jambo ambalo wachambuzi wa biashara hawana haja nalo, yaani mazungumzo. Maneno yanayotoka vinywani mwa wahusika.

Dai langu ni hili. Tamthilia za Kenya zilizotengenezwa kwa ajili ya majukwaa ya utiririshaji zina picha nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Zina sauti safi na waigizaji wanaoijua kazi yao. Kilichodorora ni mazungumzo yake ya Kiswahili. Tena hayakudorora kwa sababu ya Sheng, wala kwa sababu vijana wa siku hizi hawajui lugha, kama tunavyopenda kulalamika sisi tunaofundisha. Yamedorora kwa sababu ya njia ambayo kazi yenyewe inapitia kabla ya kutufikia.

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo, kwenye KBC ya miaka ya 1980 na 1990. Waliokuwapo wanakumbuka Vitimbi, Vioja Mahakamani na Tausi. Picha zake zilikuwa duni. Ukuta wa nyumba ulitikisika mtu akifunga mlango. Lakini hebu sikiliza. Katika Vioja Mahakamani, hakimu na kiongozi wa mashtaka wanazungumza Kiswahili sanifu cha serikali, kile cha ‘mshtakiwa, unasomewa shtaka la kwanza’. Kisha anapanda kizimbani Ondiek Nyuka Kwota au Makokha, na Kiswahili chake mwenyewe, chenye lafudhi ya kwao, sarufi ya kwao na mantiki ya kwao. Ucheshi wote umo katika pengo lililo kati ya Kiswahili hizo mbili. Hakimu anauliza swali la kisheria, mshtakiwa anajibu swali jingine kabisa kwa sababu neno moja limemfikia likiwa na maana ya mtaani. Sheria inajikwaa kwenye lugha. Ukiondoa lafudhi, unabaki na kesi ya wizi wa kuku.

Au mchukue Mzee Ojwang’. Marehemu Benson Wanjau, aliyetuacha mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo kwa miaka mingi hadi watu wakagoma kuamini ukweli wa kuzaliwa kwake. Lafudhi kwake lilikuwa vazi lililoshonwa kwa vipimo, kama kofia yake. Alijua ni sauti ipi ya Kiswahili itakayomponyoka Mjaluo na ni ipi itakayobaki, naye hakukosea hata alipokuwa amekasirika. Hiyo ni fonolojia matumizi, na wapo wanafunzi wangu wa uzamili ambao wangenufaika kwa kumsikiliza.

Sasa jaribu kumwandikia Mzee Ojwang’ tafsiri ya Kiingereza chini ya skrini.

Haiwezekani. Au tuseme inawezekana, ila atakuwa si yeye. Katika maandishi yale, hakimu na mshtakiwa wote wanazungumza Kiingereza kimoja, kisafi, kisicho na kabila wala mtaa. Mama Kayai na karani wa benki wanatoka shule moja. Mtazamaji aliye mbali anapata habari ya kilichosemwa, hapati namna kilivyosemwa. Mwandishi anayejua tangu mwanzo kwamba mtazamaji wake anayelengwa atasoma badala ya kusikiliza, kwa nini ajisumbue na lafudhi? Hatumlaumu. Mwenye duka haweki rafuni bidhaa ambayo mteja haioni.

Kuna jambo jingine kuhusu enzi ile. Runinga ilikuwa moja sebuleni, wakati mwingine moja kwa plotí nzima. Waliokaa mbele yake ni nyanya aliyekuja kutoka mashambani, fundi wa baiskeli, mtoto wa darasa la tatu na mama anayekatakata sukuma huku akitazama kwa jicho moja. Hakuna aliyesoma chochote kwenye skrini. Kila sentensi ililazimika kufika kwa njia ya sikio, mara moja, kwa watu wa makabila tofauti. Hali hiyo ilimfunza mwandishi na mwigizaji kuliko warsha yoyote: neno lisiloeleweka na nyanya lilikuwa neno lililopotea.

Kilichofuata kinajulikana. Uhamiaji wa dijitali mwaka 2015 na ving’amuzi vyake. Januari 2016 Netflix ikafungua milango yake kwa Kenya pamoja na nchi nyingine nyingi kwa siku moja. Showmax ikaingia na kuanza kuagiza kazi za hapa: Crime and Justice mwaka 2021, kisha Pepeta, Single Kiasi, Igiza na nyinginezo. Julai 2022 Country Queen ikawa tamthilia ya kwanza ya Kenya kutambulishwa na Netflix kama yake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa wapelelezi katika Crime and Justice walitazamika bila kuomba radhi. Single Kiasi, kwa upande wake, ilipewa kichwa ambacho hakuna mfasiri angekitunga; lile ‘kiasi’ la Nairobi, la mtu asiyetaka kukubali wala kukana, lina hadithi nzima ndani yake.

Lakini fuata njia ya mswada. Mtu ana hadithi yake ya Kayole au ya Lamu. Anayeamua kama hadithi hiyo itapata fedha huenda ameketi Johannesburg, Amsterdam au Paris. Hajui Kiswahili, na hana kosa kwa kutokijua. Basi hadithi inaandikwa kwa Kiingereza ili asome. Anatoa maoni, inaandikwa upya kwa Kiingereza. Rasimu ya tatu, Kiingereza. Ya tano, Kiingereza. Kila mstari unapimwa, unakatwa na kunolewa katika lugha hiyo. Siku ya kurekodi inapofika, mwigizaji anapewa karatasi na kuambiwa aseme ‘kwa Kiswahili’. Anasema. Kisha mtu mwingine, baadaye, anasikiliza alichosema na kukirudisha katika Kiingereza ili kiandikwe chini ya skrini. Kiswahili katika mchakato wote huu kimeishi siku moja tu, siku ya kamera.

Nimewahi kuitwa na mtayarishaji mmoja ‘kuangalia Kiswahili’ cha mswada, siku mbili kabla ya kamera kuwashwa. Kurasa zote zilikuwa za Kiingereza. Pembeni mwa baadhi ya mistari palikuwa na alama ya kuonyesha kwamba hapo mhusika atabadilisha lugha. Nikauliza, na Kiswahili chenyewe nitakiangalia wapi? Nikajibiwa kwa upole kabisa, “Hicho watakipata hapo hapo, Mwalimu.”

Matokeo yake tunayasikia. Mwanamke amefiwa na mumewe, rafiki anamjia na kumwambia ‘samahani kwa hasara yako’, utadhani marehemu alikuwa kreti ya soda. Watu wa hapa wanasema pole. Wa Pwani wanasema makiwa. Wengine hawasemi chochote. Wanaingia jikoni na kuuliza kama mfiwa amekula. Mume na mke wanakosana, mke anasema ‘hii si kuhusu wewe’. Jamani! Mwanamke wa Kenya ninayemjua mimi angeuliza, “Kwani nimekutaja?” na hapo ugomvi ungepata moto wa kutosha vipindi viwili. Baba anamwambia mwanawe aliyefuzu ‘ninajivunia wewe, mwanangu’. Sarufi iko sawa, hakuna mtihani utakaomnyima alama. Ila baba wa Machakos au wa Siaya angekohoa, angetazama kando, na angesema, “Sasa umekuwa mtu.” Hata simu zetu hazikatwi kwa ‘nakupenda, kwaheri’. Zinakatwa kwa ‘haya, haya basi, sawa, haya’, na mara nyingi mmoja bado anaongea.

Haya si makosa ya sarufi, na ndiyo maana yanatuponyoka. Sisi wanaisimu tumezoea kuwinda ngeli zilizovurugwa. Tunamkamata anayesema ‘kitabu yangu’ na kumwachilia anayesema ‘nahitaji nafasi yangu’ akimaanisha kwamba aachwe kwanza. Wa kwanza amekosea upatanisho, lakini anazungumza kama mtu aliye hai. Wa pili amepatia kila kitu ila ni mfu.

Kuna watakaosema kwamba Wakenya halisi huchanganya ndimi, na kwamba tamthilia inaiga maisha. Nakubali kuhusu kuchanganya. Kuchanganya ndimi ni ustadi. Una kanuni zake, na anayechanganya vibaya huchekwa na wenzake hapo hapo. Nilichokitaja si kuchanganya. Ni kufikiri kwa lugha moja na kutamka kwa nyingine. Ajabu ni kwamba katika tamthilia hizi hizi, mistari ya Sheng ndiyo iliyo hai zaidi. Sababu yake ni nyepesi. Sheng haikuwapo kwenye mswada hata kwa alama ya pembeni. Mwigizaji ameibeba kutoka nyumbani, na hakuna mwenye kimo cha kumsahihisha.

Wala tusilaumu fedha za kigeni moja kwa moja. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoelekezwa na Tosh Gitonga, ilitengenezwa kwa msaada wa Wajerumani. Mazungumzo yake ya Kiswahili, Sheng na Kikuyu bado yananukuliwa na vijana ambao walikuwa chekechea ilipotoka. Mwas, kabla hajafika Nairobi, ni muuza filamu anayewaigizia wateja wake yaliyomo, na sauti yake inabadilika kila anapobadilisha mtu wa kuzungumza naye: mama, mteja, jambazi, mwelekezi wa tamthilia. Fedha zilitoka nje lakini masikio yalikuwa ya hapa.

Country Queen nayo ilianza na msaada wa Wajerumani, na nimeitazama zaidi ya mara moja kwa sababu inanisumbua. Akisa, aliyeigizwa na Melissa Kiplagat, anarudi kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi jijini na kukuta kampuni ya madini ya Eco Rock inataka ardhi ya wazazi wake. Hadithi ina uzito. Mizozo ya ardhi na madini tunaijua. Mpangilio wa lugha umefikiriwa pia: Kikamba kwa wazee na nyumbani, Kiingereza ofisini na penye hela, Sheng kwa vijana. Nini Wacera akiwa Vivienne, bibi wa kampuni, anakishika Kiingereza kama mtu anayeshika usukani wa gari ghali. Na Kiswahili je? Kiswahili kinabaki katikati, lugha ya kupitia. Watu wanakitumia kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine. Hakuna anayetongoza, anayetishia, anayelaani au anayeomba msamaha kwa Kiswahili kinachokaa moyoni baada ya kipindi kuisha. Nilimaliza sehemu zote sita nikikumbuka nyuso na mandhari. Sentensi ya Kiswahili sikuondoka nayo hata moja.

Linganisha na runinga ya bure. Citizen TV imetupa Maria kuanzia 2019, kisha Zora, kisha Sultana, zote kutoka kampuni ya Jiffy Pictures. Sitazipamba. Zinavutwa kama ubani wa Big G. Kila wiki lazima mtu ajifiche nyuma ya mlango asikie siri, na ukikosa kutazama kwa mwezi mzima unarudi na kukuta harusi ile ile haijafungwa. Lakini wahusika wake wanazungumza. Mama wa Pwani katika Sultana anapomsuta jirani, anamsuta kwa mafumbo, na jirani anajua amesutwa ingawa jina lake halijatajwa. Mtu anaapa, anakejeli, anabembeleza. Kwa nini? Wanaomiliki kampuni hiyo, Rashid Abdalla na Lulu Hassan, ni wasomaji wa habari kwa Kiswahili. Mwenye kuamua anaweza kusikia. Mstari ukiwa chapwa, anajua kabla haujaenda hewani, na hahitaji kutafsiriwa ndipo ajue.

Kejeli kubwa zaidi iko kwa wageni. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwaka 2013. Tangu hapo StarTimes imeendelea na kazi hiyo ya kuingiza sauti, na Azam TV imewafanya Waturuki wagombane, waoane na kupigana vita kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Kiswahili chake si kamilifu. Mara nyingine mpenzi anaongea kama taarifa ya habari. Hata hivyo ni Kiswahili kilichoandikwa. Mtu amelipwa akae na kila mstari, kwa sababu hana budi: sentensi yake lazima ianze mdomo wa Mturuki unapofunguka na kuisha unapofungwa. Akiandika ndefu mno, inabaki hewani mdomo ukiwa umefumbwa. Kwa hiyo anapima, anakata, anatafuta neno fupi lenye nguvu ile ile. Masharti ya midomo ya wengine yamemfanya mtunzi wa mazungumzo ya Kiswahili.

Hapo ndipo penye kiini. Katika tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti, Kiswahili ni kazi ya mtu fulani, mwenye meza na mshahara. Katika tamthilia ya Kenya iliyoagizwa na jukwaa la kimataifa, Kiswahili si kazi ya mtu yeyote.

(Na kabla ya hao wote kulikuwa na DJ Afro. Wasomi tulimdharau. Yeye alichukua filamu za mapigano za kigeni na kuzisimulia upya kwa lugha ya vibanda vya video, akiwapachika majina wahusika na kuwagombeza wakikawia kupiga. Hakuna aliyemtuma. Alijua tu kwamba mtu aliyetoka kubeba mizigo Gikomba kutwa nzima hakuja kibandani kusoma maandishi.)

Wahindi walilitatua tatizo hili kitambo. Atazamaye orodha ya majina mwanzoni mwa filamu za Kihindi ataona mwandishi wa hadithi, mwandishi wa mswada na, peke yake, mwandishi wa mazungumzo. Ni cheo kamili. Salim Khan na Javed Akhtar walipoandika Sholay, iliyotoka mwaka 1975, mazungumzo yake yalipendwa hadi yakauzwa kwenye sahani za santuri kama nyimbo. Watu walinunua maneno matupu! Sisi tuliokua tukitazama filamu hizo bila kujua Kihindi tulikariri sauti zake tu, na bado tuliweza kutofautisha jambazi na polisi.

Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kwa siku 148. Walitaka sehemu yao ya fedha za utiririshaji, na walitaka mashine za akili bandia ziwekewe mipaka. Mgomo ule ulizungumziwa sana hapa kwetu na wasanii wenzao, kwa haki. Lakini mwandishi wa mistari ya Kiswahili wa Nairobi hawezi hata kugoma, maana cheo chake hakipo. Kazi yake imegawiwa waigizaji kumi kama nyongeza ya bure. Ole wake mwigizaji aliyelelewa kwa Kiingereza katika mitaa ya Lavington anayetakiwa papo kwa hapo atunge lugha ya mvuvi wa Vanga.

Serikali nayo ina mizani yake. Kanuni za utangazaji zilizowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano zilivitaka vituo vya runinga virushe angalau asilimia 40 ya vipindi vya humu nchini. Ni jambo jema, ila mizani ile hupima saa na asili ya kipindi. Haiwezi kupima kama mfiwa alipewa pole au aliombwa samahani kwa hasara.

Wakati huo huo majukwaa yenyewe yameanza kuyumba. Mpango wa bure wa Netflix uliozinduliwa Kenya Septemba 2021 kwa wenye simu za Android ulifungwa Novemba 2023. Amazon ikatangaza Januari 2024 kwamba inasitisha kuagiza kazi mpya za Afrika. Showmax ilizinduliwa upya Februari mwaka huo huo kwa mbwembwe nyingi, na mwaka 2025 kampuni mama yake, MultiChoice, ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Watayarishaji waliokuwa wamezoea kupeleka rasimu za Kiingereza sasa wanapiga simu zisizojibiwa. Nawahurumia kwa dhati. Wapo waliokopa, waliokodi vifaa, walioacha kazi za kudumu kwa ajili ya mfereji huu.

Lakini tazama walikokwenda waliokatiwa maji. Abel Mutua, ambaye wengi walimjua kama mwanafunzi wa Tahidi High na ambaye baadaye aliandikia vipindi kadhaa vya runinga, ameketi mbele ya kamera kwenye YouTube na kusimulia. Hana mandhari ya kutisha wala ndege ya kupigia picha angani. Ana sauti na Kiswahili cha Nairobi kilichochanganywa kwa mkono wa mpishi anayejua chumvi. Anachelewesha tukio pale unapotaka aharakishe. Anaigiza polisi, mwalimu, mlevi na mama mboga, na unamjua kila mmoja kabla hajatajwa. Njugush na Crazy Kennar nao wamejenga nyumba zao huko huko, juu ya lafudhi na misemo ya watu tunaoishi nao. Kati ya kinywa cha wasanii hawa na sikio la mtazamaji hakuna rasimu ya Kiingereza. Hakuna aliyehitaji kuidhinisha kicheko.

Sisemi YouTube ni pepo. Malipo yake hayatabiriki, na anayefanya kazi peke yake anachoka. Masimulizi ya mtu mmoja hayawezi kuchukua nafasi ya tamthilia yenye watu ishirini, mavazi na mwaka mzima wa maandalizi. Tunazihitaji tamthilia hizo. Ninachosema ni kwamba lugha haikufa, ilihamia tu palipokuwa na nafasi yake, na mtayarishaji mwenye akili angewafuata huko waandishi wa mazungumzo badala ya kufuata nyota za mabango.

Gharama yake si kubwa. Katika bajeti ya tamthilia, mshahara wa mwandishi mmoja wa mazungumzo ya Kiswahili kwa miezi mitatu ni kitu kidogo ukilinganisha na kukodi taa. Rasimu ya Kiingereza na iendelee kwenda Paris. Wenye fedha wana haki ya kusoma wanachonunua. Ila kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi kuwe na mswada wa pili, wa Kiswahili, wenye kila mstari, uliosomwa kwa sauti mezani mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Ikiwa mvuvi anatoka Vanga, mmoja mezani awe wa Vanga. Jina la aliyeuandika liwekwe kwenye orodha, kwenye mstari wake, bila kubanwa na la mpishi wa chai.

Tuzo za Kalasha hutambua waandishi wa miswada. Mshindi ajaye atakapoitwa jukwaani, ningependa mfawidhi wa sherehe amuulize, kwa Kiswahili, mswada huo uliandikwa kwa lugha gani. Na kama ni kwa Kiingereza, yule aliyeandika maneno tuliyoyasikia ameketi meza ya ngapi?